Baiskeli ya Picha

Mimi ndiye msemaji wa elimu wa kata yetu. Ni mwalimu tu, sina barua ya uteuzi wala posho. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu simu yangu ina kamera nzuri, na kwa sababu, kama alivyosema Afisa Elimu Kata mbele ya walimu wote, "Adriano ana maneno." Jina la kata nalibania, maana bado naishi humo na bado nanunua mkaa kwa watu wake. Iko nje kidogo ya Sumbawanga, ukishaipita Kasense.

Kazi yenyewe ni kuandika habari njema kwenye kundi la WhatsApp la wadau wa elimu. Lina watu mia mbili na ushee: walimu, wazazi, wenye maduka, na wakubwa wawili watatu wa halmashauri ambao hawasemi kitu ila wanaona kila kitu. Habari mbaya hazina mwandishi. Upepo ukiezua darasa, naandika kwamba wananchi wamejitokeza kwa wingi kuezeka. Wakifaulu watoto watano kati ya hamsini, naandika kwamba ufaulu umepanda, kwa sababu mwaka uliotangulia walikuwa wanne. Sijawahi kudanganya namba. Nazipanga tu zikae vizuri, warefu nyuma, wafupi mbele.

Habari kubwa kuliko zote ni Siku ya Pongezi. Inafanyika Desemba, matokeo ya darasa la saba yakishatoka, na kilele chake ni mtoto wa kwanza kikata kukabidhiwa baiskeli. Nimeiandika habari hiyo mara tatu. Mwaka wa kwanza alikabidhiwa Abeli, wa pili Coleta, wa tatu Gabriel. Mtu akiyasoma maandishi yangu mfululizo ataamini kwamba kata yetu imetoa baiskeli tatu. Baiskeli ni moja, na haijatoka.

Ilitolewa na Mzee Bashiri, mwenye maduka na malori pale mjini. Alileta baiskeli mpya kabisa, akasema apewe mtoto aliyeongoza, akapanda gari lake akaondoka bila hotuba. Kosa lake lilikuwa hapo. Kwetu mtu asipohutubia, watu wanadhani hajamaliza kutoa. Siku ile Abeli aliisukuma hatua kumi, kutoka meza kuu hadi kwenye mlingoti wa bendera, nikapiga picha, kisha Mwalimu Masunga, ambaye ndiye Afisa Elimu Kata, akaipokea ili irudi ofisini kuandikwa namba. Mali haitoki ofisini bila namba. Namba ikaandikwa kwa rangi nyeupe chini ya siti, na ilipokwisha kuandikwa ikawa mali ya ofisi. Na mali ya ofisi, akasema Masunga kwa masikitiko makubwa, haiwezi kupewa mtoto.

Basi ikabaki ofisini. Desemba iliyofuata haikuwepo nyingine, ikatumika hiyohiyo "wakati tunasubiri wafadhili". Katikati ya Desemba na Desemba, Masunga anaipanda kwenda mashine ya kusaga. Kila mwaka, asubuhi ya sherehe, kazi yangu ya kwanza ni kufuta unga kwenye keria usije ukaonekana kwenye picha. Watoto wenyewe wanaiita baiskeli ya picha, na hawaiiti hivyo kwa siri.

Mwaka huu aliongoza Victoria, binti wa Silvana.

Silvana alinifuata shambani wiki moja kabla ya sherehe. Nilikuwa napalilia mahindi, naye akasimama kwenye tuta, kanga kiunoni, matope hadi kwenye vifundo. Alinisalimia kwa Kiswahili, kiofisi, kisha akahamia Kifipa, nikajua hajaja kwa pongezi.

"Mwalimu," alisema, "nakuuliza kitu kimoja tu. Hiyo baiskeli ni ya kweli au ya picha?"

Nikamwambia kwamba taratibu za mwaka huu bado zinaangaliwa.

"Kwa hiyo ni ya picha."

Akachutama, akaanza kung'oa magugu kwenye tuta langu huku akiongea, kana kwamba amekuja kunisaidia.

"Vicky amepangiwa sekondari ya kutwa. Kutoka kwangu mpaka pale ni kilometa kumi na mbili. Abeli wa jirani yangu alitembea mwaka mmoja, mvua zikamshinda, akaacha. Yuko Kasesya, mpakani, anaendesha boda ya mtu. Wenzake Vicky wanapanga vyumba karibu na shule. Mtoto wa miaka kumi na minne awe na ufunguo wake na jirani yake mlevi? Mimi sikubali. Shangazi yake wa Matai anataka msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani. Bila baiskeli, Januari namsafirisha Matai."

"Usifanye haraka, Mama Vicky."

"Sina haraka. Nimekuja kuuliza mapema ndiyo maana." Akainuka, akakung'uta mikono. "Ila kama ni ya picha, naomba usimwandike mwanangu kwenye hiyo simu yako. Ukimwandika kwamba amepewa, nikienda kuomba msaada mahali pengine wataniambia mbona alishapewa. Mama yake Abeli ndivyo alivyojibiwa."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa nikijisemea kwamba habari zangu hazimdhuru mtu. Nilipalilia mpaka mwisho wa tuta na kugundua nimekata mahindi matatu.

Ningependa kusema kwamba yaliyofuata niliyafanya kwa ajili ya mtoto. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kuku. Asubuhi ya sherehe Masunga alibandika mlangoni orodha ya chakula: meza kuu, kuku na wali, wageni waalikwa, ng'ombe na wali, wapishi na wasaidizi, ugali na maharage. Jina langu lilikuwa chini kabisa, baada ya mtu wa spika. Miaka mitatu nimemweka Masunga kwenye sentensi ya kwanza ya kila habari, hata ya dawa za minyoo.

Nikamfuata akiwa anafunga tai. "Shikamoo, bosi. Mwaka huu picha tupu hazitoshi. Kata zote zinatuma video sasa. Halmashauri wanapenda video."

"Marahaba. Video ya nini?"

"Ya makabidhiano. Lakini mtoto akisukuma tu haipendezi, anaonekana kama anapeleka baiskeli kwa fundi. Inabidi apande."

Masunga aliwaza. Tangu mwanzo sharti lake lilikuwa moja, kwamba mtoto asukume, asipande. Lakini neno halmashauri lilikuwa limeshamwingia. "Apande, azunguke mlingoti mara moja, arudi mezani," alisema. "Mara moja, Adriano."

Nikamtafuta Victoria. Alikuwa nyuma ya darasa la nne, amevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi hadi inang'aa, na kandambili za mama yake zilizomzidi. Nikamuuliza kama anajua kuendesha. Akasema anajua, alijifunzia ya mjomba. Nikamweleza ratiba: ataitwa, atapanda, atazunguka mlingoti mara moja, atarudi.

"Halafu inachukuliwa," alisema.

"Halafu inachukuliwa. Ila mimi nitakuwa narekodi, na ukiwa juu ya baiskeli sitazima simu." Nikasita, nikaongeza, "Geti liko wazi leo, kwa sababu ya gari la maturubai."

Aliniangalia kwa muda mrefu, jinsi watoto wenye akili wanavyowaangalia walimu wao, kisha akasema, "Asante, mwalimu," na kwenda kukaa na wenzake.

Sherehe ilianza saa tano badala ya saa tatu. Mgeni rasmi alikuwa amemtuma mwakilishi, mwakilishi naye akatuma udhuru, kwa hiyo Masunga akawa mgeni rasmi wa sherehe yake mwenyewe. Alisomewa risala iliyomwomba madawati, alijibu risala kwa kuahidi kulifikisha ombi kwa wahusika, na alikabidhiwa zawadi ya samaki, migebuka mikavu, kwa kuja kwake kutoka ofisini, ambako ni hatua mia moja kutoka pale. Kwaya iliimba. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikaanza tena.

Saa nane mshereheshaji akamwita Victoria. Makofi, vigelegele. Masunga aliishika baiskeli kwa usukani, akatabasamu kwa kamera, akamkabidhi. Nikaanza kurekodi.

Alipanda vizuri. Alizunguka mlingoti mara moja, taratibu, kama tulivyokubaliana. Watu wakapiga makofi. Masunga akanyoosha mikono yote miwili kuipokea. Victoria akampita, akazunguka mara ya pili, na mshereheshaji, ambaye alidhani ni sehemu ya programu, akapaza sauti kwamba huyu ndiye mwanasayansi wa kesho. Mzunguko wa tatu haukukamilika. Alipofika upande wa geti alinyoosha usukani, akasimama juu ya pedali, kandambili moja ikachomoka ikabaki kwenye tope, naye akatoka nje ya geti akashika barabara ya kwao.

Watu walishangilia zaidi. Nadhani nusu yao walielewa, na hao ndio waliokuwa na kelele kubwa.

Masunga alikuwa bado anatabasamu kwa sababu ya simu yangu. Aliongea bila kufungua meno. "Anakwenda wapi?"

"Nyumbani, bosi."

"Mwite arudi."

"Narekodi, bosi. Sauti yangu itaingia."

Silvana aliinuka kutoka kwenye viti vya wazazi. Alipita mbele ya meza kuu bila kumwamkia mtu, akaenda mpaka kwenye tope, akaiokota kandambili yake, akaipangusa kwa majani, na kumfuata mwanawe. Hakukimbia. Alikwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kitu alichokiendea.

Masunga aliniitia stoo, kati ya magunia ya mahindi ya uji. Kesho saa moja asubuhi, alisema, baiskeli iwe ofisini, la sivyo atamweleza Mkurugenzi ni nani aliyevuruga sherehe. Nikampa simu yangu asome. Habari ilikuwa imeshatoka, na video juu yake:

"KATA YAANDIKA HISTORIA. Afisa Elimu Kata, Mwalimu Masunga, leo amemkabidhi mwanafunzi bora Victoria baiskeli na kumruhusu aondoke nayo papo hapo, ili kuonyesha kwamba zawadi za kata hii ni za kweli. 'Ni yako, nenda nayo,' alisema huku akishangiliwa."

"Mimi sikusema hivyo."

"Soma chini, bosi."

Chini palikuwa na makofi na mashada ya maua yasiyohesabika. Mzee Bashiri alikuwa ameandika "Mashallah, hatimaye," neno ambalo Masunga aliliruka. Chini yake mmoja wa wale wakubwa wa halmashauri, ambaye hajawahi kuandika hata heri ya mwaka mpya, alikuwa ameandika: "Hongera Masunga. Huu ndio uongozi." Alilisoma hilo mara tatu, midomo ikitembea. Kisha akanirudishia simu.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila jina langu la katikati umelisahau."

Nikala kuku. Siku ile hakuna aliyenizuia meza kuu, na nilichagua paja. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, nikijiona shujaa, nikiifungua video ile kila baada ya tonge mbili. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilikuwa nimeandika kwamba mtoto amepewa baiskeli, na mtoto alikuwa na baiskeli.

Jioni niko nyumbani, mvua inapiga bati, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe ndani ya kundi. Abeli alikuwa ameingizwa humo siku ya ushindi wake kwa laini ya baba yake, ambayo sasa anaitumia yeye huko Kasesya, na hakuna aliyekumbuka kumtoa. Hakuwa ameandika kitu miaka yote hiyo.

"Hongera sana Vicky. Mwalimu Adriano shikamoo. Hiyo siyo ile yangu?"

Ninazijua njia nyingi za kujibu swali kama hilo. Ningeweza kuandika kwamba zinafanana. Ningeweza kuandika kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Ningeweza kumweka kijana wa Kasesya upande ule ambao picha inakatiwa, nimefanya hivyo kwa watu wengi. Watu mia mbili na ushee walikuwa wanasoma, Masunga akiwemo, na niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona nikiwa naandika uongo wenyewe.

Nikaandika: "Marahaba Abeli. Ndiyo, ni ile yako. Nisamehe." Nikatuma kabla sijaipanga ikae vizuri.

Alianza kuandika, akaacha, akaanza tena.

"Sawa mwalimu. Mwambie Vicky breki ya nyuma inashika upande mmoja. Aiangalie kabla hajashuka mteremko."

Hatua kumi aliisukuma, kutoka meza kuu hadi mlingotini, miaka mitatu iliyopita. Nilivaa koti la mvua, nikachukua spana, nikaenda kwa Silvana. Tuliigeuza baiskeli mlangoni, Victoria akashika tochi, nami nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Ilikuwa inashika, upande wa kulia.