Injini Iliyokutwa na Joto

Hivi wewe, umeshawahi kukaa na kikombe cha chai mkononi, ukamtazama mtu akihangaika kutafuta kitu ambacho wewe mwenyewe ndiye uliyekificha? Mimi nimekaa hivyo mara tatu, na utu uzima wangu huu.

Gari ni la binti yangu, muuguzi. Asubuhi likiwa baridi haliwaki. Atalizungusha, litakohoa, na likiwaka linatetemeka kama mtu mwenye homa mpaka vioo vinagongana. Baada ya dakika tano limepona, utadhani si lenyewe. Kwa ugonjwa huo alishachelewa zamu mara nne, na mkuu wake alimwambia ya tano aje na barua ya kuacha kazi.

Fundi alisema ugonjwa wa baridi hutazamwa kwenye baridi. Gari likifika gereji limeshapata moto, yeye haoni kitu. Basi angekuja nyumbani saa mbili, siku binti yangu anapopumzika, na tangu jana yake mtu asiliguse.

Siku za mapumziko binti yangu hulala mpaka jua liingie chumbani. Mimi saa kumi na mbili niko macho. Nilikuwa nauchukua ufunguo kwenye msumari kando ya friji, kwa ncha za vidole usilie, nakwenda kuketi kiti cha dereva, naliwasha. Robo saa, nazima, narudi jikoni kukoroga uji kama malaika. Siku ya kwanza nilijiambia robo saa si kitu. Ya pili na ya tatu sina la kujitetea.

Mara ya kwanza fundi aligusa ufunguo tu, gari likawaka, limetulia kama cherehani. Akamuuliza binti yangu kwa upole kama anajua kuliwasha. Mara ya pili alikuja na kipimo, kikasoma kwamba maji ya injini yana joto la nyuzi hamsini. Binti yangu akaapa gari limelala. Basi, akasema fundi, sensa ya joto ndiyo inayodanganya: injini inaambiwa ina moto wakati ni baridi, inanyimwa mafuta. Akafunga mpya. Nikamwambia ahsante mwanangu, kwa mdomo huu huu. Kesho yake gari likakohoa vilevile.

Mara ya tatu sensa mpya nayo ikasoma hamsini. Fundi akaweka kipimo chini. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa, akatutazama, akaanza kukusanya spana zake. Alisema mgonjwa ambaye nduguze wanamficha daktari yeye hamuwezi, tutafute fundi mwingine. Binti yangu, mtu anayezalisha wake za watu, akasimama pale analia, anaapa hakuligusa.

"Mwache, mwanangu," nikasema. "Aliyeliwasha ni mimi."

Ningepata shimo ningeingia. Lakini fundi aliweka spana chini, akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unaliwashaje?"

Nikamweleza nikitazama kandambili zangu. Kwamba lilinisumbua mwanzoni, kisha nikagundua nikizungusha ufunguo nusu, pampu inaimba chini ya kiti cha nyuma, inanyamaza, nazima, narudia, ya tatu nikiwasha linashika palepale. Hutetemeka, na moshi wake hunuka petroli mbichi mpaka litulie.

Fundi akacheka kidogo. Alisema kumbe daktari alikuwa jikoni. Mafuta yalikuwa yanavuja gari likiwa limelala, presha inaisha. Zile nusu zangu ndizo zilizoirudisha. Akafunga geji ya kupimia presha ya mafuta, akazima injini, tukasimama watatu tukitazama mshale unashuka taratibu. Akang'oa nozeli zote nne, zile zinazonyunyizia injini mafuta, akaziweka juu ya gazeti. Moja ilikuwa na ncha iliyolowa, inadondosha petroli.

Binti yangu hakuitazama nozeli. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, robo saa nzima kwenye gari lisilokwenda popote. Ulikuwa unafanya nini mle?"

Kusema uongo kuliniaibisha, lakini hili liliniaibisha zaidi, mwanamke mwenye wajukuu sita. Nilikuwa nimeshika usukani. Nilikuwa nakanyaga klachi na kubadilisha gia, moja, mbili, tatu, huku geti limefungwa.

"Nataka kuendesha," nikamwambia. "Nifundishe."