Benchi Fupi la Mlangoni

Wanangu wawili, fundi saa na mdogo wake kinyozi, walimaliza miaka miwili hawajasemeshana. Tulipomzika baba yao, mkubwa alihamia kwenye nyumba ya marehemu akabadilisha kufuli, na tangu hapo maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mama, mwambie huyo." Masikio yangu yakageuka njia panda. Basi Jumapili moja nikawaita mgahawani tule chakula cha mchana, kila mmoja nimemficha kuwa mwenzake anakuja. Walipoonana, hakuna aliyeondoka. Kila mmoja alitaka mwenzake ndiye aondoke kwanza.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Mlangoni pana benchi la kungojea, fupi, la watu watatu waliopatana. Nilikaa pembeni na mkoba wangu mkubwa, wao wakabanana paja kwa paja. Nikaona, mezani kila mtu atakuwa na kiti chake na kisirani chake, bora benchi. Nikamfuata binti mwenye daftari la majina, nikamnong'oneza, "Mjukuu wangu, zamu yetu ikifika, wapitishe wengine."

"Hadi lini, bibi?"

"Nitakukonyeza."

Fundi saa alitazama saa ya mkononi mwake. "Mama, mwambie huyo asogee."

"Mama, mwambie huyo huku ni ukuta," kinyozi akasema. "Au ukuta nao ameurithi."

Dakika ishirini. Wakaingia mume na mke waliotukuta pale. Dakika thelathini na tano, ikaingia familia yenye mtoto mchanga.

"Mama, mwambie huyo," kinyozi akasema, "kwangu mteja akingoja nusu saa huanza kutazama mlango."

"Mwambie wanakimbia mkono wake, si saa."

Niliona moto unakolea, na maji yangu mimi ni vitendawili tu.

"Kitendawili."

Kisha kinyozi, shingo upande, "Tega."

"Ndugu wawili, nyumba moja. Kila saa wanapishana, hawasalimiani."

Fundi saa uso ukamwiva. "Mama, usinifumbe. Kama ni ile nyumba, sema ile nyumba."

"Umeshindwa. Toa mji."

"Mji gani atoe," kinyozi akacheka. "Mwambie huyo anao mmoja tu, tena wa baba. Na jibu ni mishale ya saa. Kutwa anaishika kwa kibano, haijui."

Ilimchoma fundi saa. Akainuka. Dakika hamsini na mbili, akasema, na yeye hangoji chakula kama mtu anayengoja hukumu. Nikajua akitoka sitawapata tena pamoja mpaka siku ya kunizika mimi. Nikamkonyeza binti, nikamkonyeza tena, kumbe ameinamia daftari lake. Alipoinua kichwa akaja mbio, sauti juu.

"Bibi, meza ya tatu hii. Nayo niwape wengine?"

Fundi saa alinitazama mimi, akamtazama binti, halafu akamgeukia mdogo wake.

"Wewe ulijua?"

"Ningejua ningekaa hapa unanichoma kiwiko saa nzima?"

"Tumeanikwa mlangoni kama nguo. Mama yako huyo."

"Wako. Wewe ndiye mkubwa, ulimjua kabla yangu."

Nikainuka na mkoba wangu. Fundi saa akaweka mkono mbele yangu. "Binti, meza ni ya watu wawili. Bibi huyu anapenda benchi. Mwache angoje."

Wakaingia. Hawakugeuka.

Nikakaa. Kupitia kioo niliwaona wamekabiliana. Kinyozi anagonga meza kwa kidole, fundi saa anamnyooshea uma, na mara mbili nikausoma mdomo wa mdogo ukisema kufuli. Mhudumu alisimama kando yao na kalamu yake mpaka akachoka akaondoka. Fundi saa hakutazama mkono wake hata mara moja.

"Samahani, bibi," binti akasema. "Nikuandike meza ya mtu mmoja?"

"Usiniandike, mjukuu wangu. Mji haujatolewa bado. Nitangoja."