Lori la Mizinga Lisiloingia Gia

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, tarehe kumi na nne Mei, lori dogo lilisimama mbele ya gereji ya Radojka likiwa bado kwenye gia ya pili, likaruka kidogo, likazimika. Nyuma lilibeba mizinga arobaini na miwili ya nyuki, milango yote imezibwa kwa wavu tangu alfajiri.

Mwenye nyuki, Ljubivoje, alishuka bila hata kusalimu. "Fundi, gia haziingii. Miti ya bagrem, ile ya asali, imechanua kule Deliblato, na jua ndilo hilo linapanda."

Radojka aliweka kiganja juu ya wavu wa mzinga wa karibu. Joto lilikuwa linatoka kama kwenye mdomo wa birika. Nyuki waliofungiwa huuawa na joto la miili yao wenyewe. Kufikia saa tatu hawa wangeanza kufa. Kuwafungulia pale hakukuwezekana. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chekechea.

"Sahani ya klachi imeungua," alisema Srećko, shemeji yake Ljubivoje, aliyekuja kusaidia kupakia. "Gia boksi lazima ishuke. Siku mbili hizo."

"Umeionea wapi?" Radojka aliuliza.

"Uzoefu, mama."

"Uzoefu wa trekta moja," alisema Ljubivoje, "na uliliua mwenyewe, shemeji."

Radojka aliwaacha wabishane, akapanda kwenye usukani. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia bila tabu. Alipoiwasha, zote zilikwaruza.

"Kwenye kilima mlichopanda, lori lilivuta, au injini ilinguruma bure?"

"Lilivuta vizuri tu."

"Basi sahani inashika. Shida yake haiachii."

Alipiga pedali harakaharaka. Mara tano ilizama hadi chini. Mara ya sita ikawa ngumu chini ya mguu, na gia ya kwanza ikaingia. Hewa, basi. Ilikuwa imeingia kwenye mafuta ya klachi.

"Mlipoondoka lilikuwaje?"

"Zima kabisa. Limeanza baada ya kilomita ishirini."

Likiwa baridi ni zima, likipata moto ni bovu. Radojka alifungua boneti, akafuata kwa kidole mpira mfupi unaotoka kwenye kikopo cha mafuta kwenda masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali. Katikati yake palikuwa na donge la kahawia lililozungushiwa uzi. Kidole kilizama.

"Nani kapaka hii?"

Ljubivoje alitazama viatu vyake. "Gundi ya nyuki. Mpira ulipata ufa mwezi wa tatu. Ile inashika kila kitu, fundi."

"Mzingani inashika. Hapa inayeyuka kwa joto la injini, na ufa unavuta hewa."

"Hata meno yake ya bandia ameyabandika kwa hiyo," alisema Srećko.

"Wewe panda kwenye pedali," Radojka alimwambia, "tuone huo uzoefu."

Alikata kipande kipya cha mpira, akakibana pande zote mbili, akajaza mafuta mapya. Kisha akalala chini ya lori, akiwa na spana na chupa yenye bomba jembamba.

"Kanyaga. Shikilia." Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, mafuta yakatoka na povu. Akaikaza. "Achia."

Walirudia. Mara ya nne mapovu yalikuwa makubwa, mara ya saba machache. Ljubivoje alikuwa akimwagia mizinga maji kwa ndoo, na mvumo wa nyuki ulikuwa mkali kuliko mwanzo. Mara ya kumi na moja mafuta yalitoka safi.

"Mama, sasa inanisukuma mguu," alisema Srećko.

Radojka aliliendesha hadi kona na kurudi, akipitia gia zote. Hakuna iliyokwaruza. Saa moja na dakika ishirini na tano lori liliondoka.

Saa mbili na robo simu yake iliita. Ljubivoje alisema mizinga yote arobaini na miwili imefunguliwa, na nyuki wanatoka katika kila mmoja.