Hataza ya Kuanua Nguo

Kwa miaka tisa, nguo za ploti ya Muturi huko Lucky Summer, Nairobi, hazikunyeshewa hata mara moja, na sababu ilikuwa mwanamke mmoja aitwaye Kavutha, aliyekaa kwenye chumba cha mabati juu kabisa ya ghorofa, pale palipofungwa kamba. Kazi yake ilikuwa kulinda nguo za wapangaji, wezi wasizibebe na mvua isizikute. Muturi, mwenye nyumba, hakumlipa mshahara. Alimwachia kile chumba bila kodi, na Kavutha akakiita kwake.

Mvua ilipokaribia, alisimama ukingoni, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti: "Anueni! Anueni nguo! Inakuja!" Milango ya ghorofa tano ilifunguka kwa kishindo, watu wakapanda ngazi mbio, na aliyekuwa kazini akaanuliwa zake na jirani. Sauti hiyo ilivuka hata barabara. Hakuna aliyewahi kuiita uvumbuzi. Ilikuwa tu kelele za Kavutha.

Ndipo Masinde wa ghorofa ya tatu, fundi wa simu, alipokwenda semina ya siku mbili ya wavumbuzi mjini. Alirudi na kitambulisho cha plastiki shingoni, akalala nacho, akaoga nacho, akaenda nacho kununua sukuma wiki. Siku ya nne alipanda juu na daftari.

"Niaje, mathe. Hebu niambie, wewe hujuaje mvua inakuja?"

Kavutha alifurahi kuulizwa. Alimpikia chai, akamweleza yote: kwamba moshi wa dampo la Dandora ukigeuka na kuingia puani, una nusu saa, kwamba ukisikia mashine za viwanda vya mtaa wa Baba Dogo kana kwamba ziko mlangoni, una robo saa, kwamba korongo wakishuka wote jalalani, usimngoje mtu, piga kelele. Masinde aliandika, akamaliza chai, akaomba nyingine.

Miezi kadhaa baadaye alirudi na hataza. Kwa wasioijua, hataza ni karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani, na wengine wote wakae nalo mbali. Hii ilihusu "mfumo wa kompyuta wa kubashiri mvua na kuwaarifu wenye nguo". Masinde aliitia kwenye fremu, akaitundika ngazini mahali ambapo utake usitake ungeigonga kwa bega. Dai la kwanza lilikuwa moshi. La pili, mashine za Baba Dogo. La tatu, korongo. La nne liliandikwa hivi: "Kutoa ilani ya sauti kutoka juu ya jengo, kabla ya mvua, ili nguo zianuliwe."

"Kwa hivyo, mathe," alisema Masinde kwa upole wa mtu aliyebeba karatasi yenye muhuri, "kuanzia leo usipige zile kelele. Si mimi, ni sheria."

"Kelele zangu?"

"Ziko kwa dai la nne."

Kavutha alimtazama Muturi, ambaye alikuwa amesimama nyuma akitikisa kichwa kwa hekima. Muturi hakuelewa neno hata moja, lakini alikuwa ameambiwa kwamba kampuni moja kubwa ingekuja kuiona mashine ya mfumo huo, na ikiipenda, ingefungwa kwenye ploti zote za Eastlands, ya kwake ikiwa mfano. Mashine ingehitaji chumba. Chumba kilikuwa kimoja tu.

"Wakiichukua, Kavutha, utatuachia nafasi mwisho wa mwezi," alisema. "Usijali, hatukufukuzi. Ni maendeleo."

Kavutha aliingia ndani, akakaa kitandani, akalia kwa hasira. Miaka tisa ya masikio na pua yake ilikuwa imetiwa kwenye fremu, na chai alikuwa amepika yeye.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na juu yake kibao cha shaba kilichotambua tone la maji. Tone likigusa, spika ililia na simu za wapangaji wote zikapata meseji. Moshi, mashine na korongo vilibaki kwenye karatasi, maana kopo halina pua. Siku ya kwanza Shiundu wa ghorofa ya pili alitundika suruali yake ya jinzi, isiyokamuliwa, juu ya kopo. Spika ililia mara kumi na tatu kabla ya saa sita, jua likiwaka hadi mabati yanalia. Watu walipanda mbio, wakashuka, wakapanda, hadi kina mama wakaanza kumtaja mama yake Masinde.

Masinde hakukata tamaa. Alikata bati, akalijengea kopo paa dogo zuri, lenye miteremko miwili, ili maji ya jinzi yasiliguse. Tangu hapo mashine ilinyamaza kabisa, naye akatangaza kwamba imekomaa.

Kavutha aliliona lile paa. Alijua linamaanisha nini. Hakumwambia mtu.

Kampuni ilikuja Alhamisi yenye mawingu: Bwana Magan, aliyevaa saa kubwa na kuongea kidogo, pamoja na vijana wawili wa kuandika. Walikaribishwa sebuleni kwa Muturi, ghorofa ya nne, wakapewa soda. Masinde aliwaahidi kwamba mashine ingesema yenyewe. Kavutha aliambiwa akae juu, afunge mdomo.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni. Moshi wa Dandora ulimwingia puani. Akanyamaza. Akasikia mashine za Baba Dogo zikisaga kana kwamba ziko chini ya kitanda chake. Akanyamaza. Alichohitaji ni kukaa tu. Mvua ingeshuka, kopo lingekaa kavu chini ya paa lake, Masinde angeaibika, naye angelala kwake hadi uzeeni. Aliifurahia aibu hiyo mapema, aliifurahia kweli, wala sitamfichia.

Kisha korongo wakashuka. Kwenye kamba zilining'inia nepi za mapacha wa Anyango, na sare ya Nasambu, ambaye alikuwa na hiyo moja tu na alitakiwa kuwa nayo kiwandani kesho. Kavutha aliuma leso. Leso ilidondoka.

"Anueni! Anueni nguo! Inakuja!"

Milango ilipasuka. Ngazi zilitetemeka. Muturi mwenyewe alipita mbele ya wageni wake akiwa na soksi mguu mmoja. Tone la kwanza lilipoanguka, kamba zilikuwa tupu, na Bwana Magan alikuwa akiitazama saa yake kwa heshima.

"Dakika tatu kabla ya tone la kwanza," alisema. "Na hiyo spika, mmeitoa wapi? Utadhani ni binadamu."

Masinde alikinyoosha kitambulisho chake kifuani. "Tumeitengeneza hapa hapa," alisema.

Walitia saini alasiri hiyo. Mwisho wa mwezi Kavutha aliondoka. Anyango na Nasambu walimsaidia kubeba kitanda kuvuka barabara, mpaka ploti ya Mzee Mbaluka, ambaye alimpa chumba cha juu bila maneno mengi.

"Miaka tisa naanua nguo kwa sauti yako, mama," alisema Mbaluka, "na sijawahi kukuambia asante. Karibu."

Mvua iliyofuata, mashine ya Masinde haikusema kitu. Mablanketi ya ghorofa tano yalilowa hadi yakakata kamba. Kampuni ilipiga simu, ikauliza ile sauti imekwenda wapi. Masinde alifikiri siku mbili, na siku ya tatu Kavutha alimwona juu ya paa la Muturi akisimika mlingoti. Kileleni kulikuwa na kinasa sauti, kimeelekezwa kwenye mlango wake.

"Mathe!" Masinde aliita kutoka ng'ambo. "Toleo la pili! Ukipiga kelele huko, mashine inanasa, inarusha meseji kwa watu wa huku. Wewe endelea tu kama kawaida. Nimekuruhusu!"

"Umeniruhusu?"

"Kwa dai la nne, ee. Hebu jaribu moja. Bwana Magan anakuja kesho na wakubwa wake."

Kavutha alikiangalia kinasa sauti, akamwangalia Masinde, ambaye kitambulisho cha semina bado kilimning'inia shingoni. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake wakubwa walikuja, suti tupu, wakapandishwa hadi juu ili waone kwa macho yao. Saa tisa moshi wa Dandora uligeuka. Mashine za Baba Dogo zikasikika. Kavutha alitoa simu, akampigia Anyango, kisha Nasambu, akawaambia neno moja kila mmoja. Korongo waliposhuka, alivua ndala zake. Ng'ambo, Masinde alikuwa amenyoosha mkono mmoja kuelekea kwake na wa pili kuwazuia wageni wasishuke.

"Ngojeni," alikuwa akiwaambia. "Ngojeni kidogo, itasema."

Kavutha alishuka ngazi za Mbaluka miguu mitupu, akagonga mlango wa kwanza kwa kidole kimoja.

"Anua nguo," alinong'ona. "Na usipige kelele."