Mistari Mitatu ya Kasiva

Kiwavi alikuwa anakula jani lenye dawa, tena bila haraka. Nilikuwa nimenyunyiza mwenyewe juzi yake, na kwa kawaida kufikia siku ya pili kiwavi huacha kula, hulegea na kuwa mweusi. Huyu alikuwa mnene kabisa. Nikafikiri nimechanganya vibaya, nikarudia. Viwavi wakaendelea kula tu, na kabichi zangu zikabaki mishipa.

Ndipo nilipomkumbuka Kasiva.

Miaka miwili kabla, mimi ndiye niliyeongoza mwethya wetu, kikundi cha akina mama wa Kalamba wanaolimiana mashamba kwa zamu. Ile dawa ya unga, yenye bakteria wanaoua viwavi, ilituokoa, wala haikudhuru nyuki. Nami nikaipenda kupita kiasi. Nikaamuru kila Jumatatu tunyunyiziane mashamba yote, viwavi wawepo wasiwepo. Kanisani nilisifiwa kwa usafi wa shamba, na nilivimba kichwa, siwezi kukataa.

Kasiva, mjane jirani yangu niliyemwita mwaitu, yaani mama, alikataa tusimnyunyizie mistari mitatu tu ya kabichi. Kila asubuhi aliokota viwavi pale kwa kikopo akawapa kuku wake.

"Hii niachie, Ndinda. Kuku pia inakula."

"Mwaitu, unatufugia wadudu!" nilimjibu mbele ya wote. Wenzangu wakacheka. Tukanyunyiza mistari yake akiwa amesimama na kikopo chake mkononi. Hakurudi tena kwenye mwethya wala hakupanda kabichi tena, nami sikumfuata.

Sasa nikamwita afisa wa kilimo kutoka mjini Wote. Alipekua majani kwa muda mrefu.

"Dawa iko sawa, mama. Lakini mmeua wanyonge wote, wakabaki wale dawa haiwawezi, na hao wanazaana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna mahali mliacha bila kunyunyiza?"

"Kwani mdudu ni wa kuachwa?"

"Wachache, ndio. Wakichanganyika na hawa sugu, watoto wao wengi bado wanakufa na dawa."

Nilisikia kila neno na bado kichwa kilinizunguka. Yaani kosa langu lilikuwa bidii? Niliona aibu, halafu hasira, halafu sikujua nimkasirikie nani.

Kesho yake nilibeba miche hadi kwa Kasiva.

"Mwaitu, panda mistari yako tena. Hakuna mtu atanyunyiza."

Aliitazama miche, kisha banda lake tupu.

"Kuku niliuza zote, Ndinda."

Nikachukua jembe lake ukutani, nikaanza kuchimba mashimo ya mstari wa kwanza, naye hakunikataza.