Chafya ya Jumapili

Kwa barakoa, hakuna aliyempita. Tangu daktari alipomwambia kwamba mapafu ya baba yake hayawezi tena kuhimili mafua ya mtu, fundi cherehani yule aliivaa kuanzia anapofungua duka hadi anapofunga. Mteja akija na kikohozi alipimwa suruali akiwa amesimama mlangoni, futi anajishikia mwenyewe. Mtaa ukamcheka, ukampachika jina la Daktari wa Vitambaa. Hakujali.

Baba yake alikuwa fundi kabla yake, na duka lilikuwa la mzee. Miaka arobaini ya kuinamia pasi ya mkaa, na sigara juu yake, ilimwachia ugonjwa sugu wa mapafu. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha dukani alipumzika mara mbili njiani, utadhani anasafiri. Lakini kukaa ndani alikataa katakata. "Nikibaki na kuta nitakufa kwa kuchoshwa," alisema. Basi akapewa kazi ya vifungo. Alivishona vizuri kuliko fundi mwenyewe, binti yake, na hakuchoka kumkumbusha.

Taabu ilikuwa macho. Tundu la sindano hakulioni. Kwa hiyo kila asubuhi binti alimtungia sindano kumi, akazichomeka mstari mmoja kwenye kimto mbele yake, na zikiisha uzi anamtungia tena. Sasa uzi, wanaoijua kazi hii wanajua, ni mkaidi mpaka uulowanishe ncha kwa mate. Mzee naye aliitia ncha ile ile mdomoni kabla ya kuipiga fundo. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyomfundisha binti yake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona kuwa ni jambo.

Ijumaa koo la fundi likaanza kumkereketa. Alijua. Tusimtafutie visingizio. Sare mia mbili za shule zilitakiwa Jumatatu, na mashati yenye vifungo hayajafika nusu. Angesema, mzee angerudishwa chumbani na kazi ingelala. Akajidanganya kwamba ni vumbi la vitambaa. Kisha, ili moyo utulie, akavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akajiona amefanya la maana.

Jumapili kaka yake alikuja kula pamoja na mkewe na binti yao wa miaka minne. Mezani yule mtoto akapiga chafya. Moja tu, ya pilipili.

Jumanne mzee akaanza kuhema. Dawa yake ya kuvuta haikumsaidia kitu. Midomo ilimpauka, maneno yakawa yanatoka moja moja, kila neno na pumzi yake. Wakamkimbiza hospitali.

"Ni virusi vya mafua," daktari aliwaambia ukumbini, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka. "Mimi na nyinyi tungepenga kamasi siku tatu, yakaisha. Yeye njia zake za hewa ni nyembamba tangu zamani. Zikivimba kidogo tu, hewa haina pa kupita. Nani nyumbani alikuwa na mafua?"

"Ile chafya," kaka akadakia, kabla mwingine hajafungua mdomo. "Mtoto wangu. Nilimwambia mama yake asimlete."

Uongo mtupu, maana ni yeye aliyembeba begani. Lakini chafya ilishapata miguu. Dada wa mzee aliisikia kwa simu ikawa chafya tatu. Kufika jioni ilikuwa na kikohozi na homa kali. Wifi, yaani mke wa kaka, akaambiwa asikanyage wodini mpaka aitwe. Na fundi alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila neno, akanyamaza. Akajiambia atasema mzee akipata nafuu.

Alhamisi alirudi dukani kumalizia kola moja. Akachukua sindano. Akashusha barakoa zote mbili hadi kidevuni, akalowanisha uzi kwa ulimi, akazipandisha. Hapo ndipo alipojiona. Akabaki ameishika ile sindano, anahesabu: Ijumaa nzima, Jumamosi nzima, shati kwa shati, ncha kutoka mdomo wake kwenda mdomo wa baba yake. Alijifunika uso mbele ya mteja aliyekuja kuulizia pindo, akasingizia jicho limeingia uchafu.

Na adhabu kubwa ilikuwa sifa. "Wewe ndiye unayemtunza ndugu yangu kama yai," dada wa mzee alimwambia, "siyo wale." Fundi alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na yeye hakusema.

Jumamosi mzee aliweza kuketi, mrija wa oksijeni puani. Walipobaki wawili, binti akavuta kiti.

"Baba, siyo mtoto. Ni mimi. Nilikuwa na mafua tangu Ijumaa, nikakuficha. Na nyuzi zako zote nilizilowanisha kwa mate yangu."

Mzee alimtazama huku anaipanga pumzi yake.

"Mate yako," akasema taratibu, "nayajua tangu hujaota jino. Ulinilowanishia mashati mangapi." Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, wote wawili wakangoja kipite. "Yameisha, mama."

Fundi akalia, na kusema kweli alilia kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mzee akamwacha ajifute.

"Mkwe wangu umemwambia?"

Fundi akaanza kumnyooshea shuka.

"Umeanza na mimi," mzee akasema, akapumua, "kwa sababu unajua sina pumzi ya kukugombeza. Nenda nje ukapige simu."

Akatoka hadi ukumbini, akapiga. Simu ilipokewa papo hapo, na salamu haikuwepo.

"Amefariki?" sauti ya wifi ilikuwa ndogo.

"Hapana, wifi. Ameketi, hata ananitania."

"Usinifiche. Niambie tu."

"Sikufichi. Wifi, nisikilize..."

"Mimi siwezi hata kulala. Na huyu mtoto kamsikia baba yake. Jana nimemkuta nyuma ya mlango kajibana pua kwa vidole, uso umemvimba. Namuuliza una nini, ananiambia chafya inataka kutoka, na babu hajapona."

Fundi aliegemea ukuta. Yale maneno aliyoyapanga, ya sare na vumbi na kazi nyingi, hakuyaona tena yalipo.

"Mpe simu," akasema. "Nianze na yeye, halafu nikuambie wewe."

Simu ikapokezwa. Alisikia vidole vidogo vikiishika, kisha hakusikia kitu. Hata pumzi. Akamwita mara mbili kabla hajaelewa kwamba mtoto yupo, na kwamba amebana pumzi ili asimwambukize shangazi yake kwenye simu.

"Pumua, mama," fundi akamwambia. "Ni mimi niliyemwambukiza babu. Siyo wewe. Pumua."