Mahali pa Kidonge

"Na ukitajiwa dawa usiyoijua, Mama Debra, si utamuua mtu wa wenyewe?" Nyokabi, jirani yake pale mtaa wa Jamhuri, aliwahi kumuuliza wakianika nguo.

"Nauliza," Peres alimjibu. "Ningekuwa wa kuona haya, hiyo kazi singeiweza."

"Wewe usione haya? Na chupi unazianika chini ya shuka!"

Walicheka sana siku hiyo.

Peres alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara katika kliniki moja karibu na Kenyatta Market. Ishara alizijua kwa marehemu mumewe, Wesonga, aliyekuwa kiziwi. Majina ya dawa alijifunza kwa kuuliza, akiyarudia kwa vidole, herufi moja moja, mpaka mkono ukayazoea. Siku aliyokosea, jina la dawa alilijua barabara.

Mgonjwa alikuwa Kavata, msusi wa pale sokoni, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa mjamzito na anawashwa vibaya. Daktari Macharia alimpa vidonge vya kuweka ukeni wakati wa kulala. Sasa, kwa ishara huwezi kusema tu "tumia dawa" ukaishia hapo. Mkono lazima uonyeshe dawa inaingilia wapi. Na kunong'ona hakuna. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje aliketi mzee Lazarus wa kanisani kwao, anaitazama mikono ya Peres vile anavyoitazama kila Jumapili ikifasiri mahubiri. Mkono ulishuka hadi kifuani, ukasita, ukapanda mdomoni.

Ataona kwenye pakiti, Peres alijiambia. Pakiti yenyewe maandishi madogo ya Kiingereza, na Kavata shule hakuifikisha mbali.

Tangu hapo, kila alipopiga magoti, vile vidonge vilimjia kabla ya Baba Yetu. Alienda hadi sokoni kumwambia, akamwona Kavata ameinamia kichwa cha mteja, anatabasamu. Akanunua sukuma wiki, akarudi nyumbani.

Na leo Kavata alikuwa amerudi, mashavu yameingia ndani, kuwashwa kumezidi.

"Amemaliza pakiti nzima na bado?" daktari alishangaa baada ya kumpima. "Mtoto yuko sawa, tushukuru Mungu. Lakini hawa wagonjwa wetu! Mwambie nilimweleza vizuri mahali pa kuweka. Akipuuza maagizo, asiseme dawa ni mbaya." Akaweka pakiti nyingine mezani.

Peres alitazama mikono yake. Kati ya hao wawili hakuna ambaye angejua. Angemwambia Kavata ile dawa ilimkataa, amwambie daktari mama wa watu alisahau, na wote wawili wangemshukuru.

Aliinuka, akafunga mlango. Kisha akaushusha mkono mpaka mahali penyewe, akaonyesha wazi kidonge kinavyoingia.

Kavata aliganda. Halafu mikono yake ikaenda mbio.

"Anasemaje?"

Peres alimtolea sauti kama kazi inavyotaka, neno kwa neno: "Hukuniambia hivyo. Uliniambia nimeze. Nilimeza, nikatapika, nikameza tena, kwa sababu ni wewe uliniambia."

"Mimi?" Daktari aliruka. "Mimi nilisema ameze lini?"

"Si wewe, daktari. Anasema na mimi. Na ni kweli."

"Mama Debra! Kwani hiyo dawa hukuijua?"

"Niliijua. Niliona haya. Mzee wa kanisa alikuwa amekaa hapo nje." Alisema kwa mdomo na kwa mikono pamoja, Kavata asipitwe na lolote.

Kavata aliuliza polepole, na Peres ikambidi aitoe hiyo pia: "Mwili ni wangu, mtoto ni wangu. Haya ilikuwa ya nani?"

"Nisamehe, mwanangu," Peres aliashiria.

Kavata aliichukua ile pakiti mpya, akaitia mkobani, akafungua mlango, akatoka bila kuinua mkono tena.